Daktari Aliyeogopa Kuchekwa

Siku moja naikumbuka kila nivaapo kiatu, mwanangu, maana navaa kimoja. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeoa, nalima shamba la mjomba kule Maretadu, maksai akanipiga teke. Mfupa ukavunjika. Hospitali nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, na daktari kijana aitwaye Sulle, aliyekuwa anasomea ubingwa wa mifupa.

Asubuhi yake vidole vilikuwa baridi, na maumivu hayanipi nafasi hata ya kumeza mate. Sulle akavishika, akasita. Mwenzake Baha, aliyemtangulia mwaka mmoja tu katika masomo hayo, alikuwa akimhudumia mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Kaka, njoo uone vidole hivi. Nilifungue hogo?"

Baha hakugeuka. "Wewe chuoni ulikuwa unasoma au unachunga? Kila kitu kaka, kaka."

Wauguzi wakacheka. Sulle naye akacheka, kicheko cha aibu, akaniandikia dawa ya maumivu akaenda zake. Hakuuliza tena. Bingwa wao alipofika kesho yake, hogo lilishabana damu isipite, mguu umekuwa mweusi, ikabidi ukatwe. Akawaambia mbele yangu, "Mmoja kaogopa kuchekwa, mwingine kacheka. Mguu huu mmeukata pamoja."

Nawataja kwa majina kwa sababu anayetembea kwa magongo ni mimi. Kanisani wananiambia nisamehe. Nimejaribu, bado.

Shule niliishia darasa la nne, lakini hili nalijua. Kwetu Gendabi ng'ombe akikwama kuzaa, kijana haingizi mkono peke yake, hata awe hodari namna gani. Humwita wa boma la jirani aliyewahi kuzalisha, na huyo haulizi kwa nini hujui. Anakuja huku anakunja shati. Mficha uchi hazai.

Sasa nawe umekuwa daktari, unakwenda kusomea ubingwa, na mimi sina wasiwasi nawe. Mapema kabisa tafuta mwenzako aliyekutangulia kidogo, si profesa unayemwogopa. Mwambie, "Nitakuuliza hata mambo ya kijinga, univumilie." Akikucheka, muulize mwingine, mgonjwa bado anaumia. Na mwakani aliye nyuma yako akikuita, geuka, uende ukaone kwa macho yako, hata kama alipaswa kujua mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akuwekee mtu wa kumwita karibu, na wagonjwa wako warudi kwao wazima, wakatembee mashambani mwao.