Kufungulia Wakati wa Mvua

"Nani aliniambia siku tatu? Mimi au wewe, mama?"

"Goti langu ndilo lililosema. Goti si mimi."

"Usinitanie leo! Ulisema siku tatu, usiku na mchana, ndipo nikaenda kufungulia."

Mwanangu alisimama mlangoni na ndoo yake ya kazi mkononi. Mtaani wanamwita Manukato, na si kwa sababu ananukia. Anatapisha vyoo. Shimo likijaa, anashuka humo kwa kamba, kitambaa puani, anateka ndoo kwa ndoo mpaka mwenye nyumba aseme basi. Marehemu baba yake naye alikuwa mtu wa mashimo. Huwa nasimulia kwamba siku ya maziko yake nzi walitangulia mbele ya jeneza wamejipanga wawili wawili. Kujipanga nimeongeza mimi, lakini walikuja.

Sasa, kazi ya ndoo ni ya kiangazi. Mvua kubwa ikianguka kuna njia ya mkato. Manukato anatoboa ukuta wa shimo kwa chini, uchafu wa mwaka mzima unamwagika mtaroni, mtaro unaupeleka kijitoni, na kijito kinawapelekea watu wa bondeni tusiowajua hata kwa sura. Kisha anaziba tundu kwa gunia na saruji. Kwa kuwa hatuwajui, tunalala usingizi. Sharti ni moja tu: mvua iwe bado na nguvu. Ikikatika katikati, mzigo unabaki pale pale.

Juzi mchana aliniuliza, "Mama, hii itadumu?" Mimi sikusoma, ulimi wangu ndio uliosoma. Nilimwona amenuna, nikataka acheke. Nikamwambia goti linauma kama mwaka ule samaki walipopanda wenyewe hadi sokoni wakapanga foleni kwenye mizani. Siku tatu, nikasema, halipungui tone. Akacheka kweli, akachukua nyundo, akaenda kwenye nyumba ile ya wapangaji kumi na wawili iliyo mwinuko wa juu yetu.

Robo saa haikuisha tangu atoboe, mvua ikakatika. Jua likawaka kama halijui kitu. Mtaro ukabaki umejaa uji mweusi, ukafurika polepole, ukaingia kisimani tunakochota sote. Safari hii watu wa bondeni tulikuwa sisi.

Manukato alikesha akizoa peke yake, na walioamka akawaambia ni mafuriko tu. Kesho yake jirani yetu seremala akatolewa kwake hoi kwa kuhara, amelazwa juu ya mlango aliokuwa akiutengeneza. Akafuata mke wake. Halafu mjukuu wangu wa miaka minne, mtoto wa dada yake Manukato. Nilimwona zahanati na mpira wa dripu mkononi. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ukiivuta haitaki kurudi. Aliniomba hadithi. Nilikosa hata moja.

"Nenda ukaseme kisima kifungwe," nikamwambia Manukato. "Hivi tunavyogombana watu wanachota."

"Nikisema nafungwa mimi, si kisima. Na watapishaji wa kule juu mbona wote wanafungulia?"

"Wa kule juu hawakufungulia kisimani kwetu."

"Basi kaseme wewe, mama. Una mdomo wa kutosha mtaa mzima."

"Nimeshasema!"

Akanikazia macho.

"Asubuhi nilisimama pale kisimani, nikawaambia msinywe, maji yana sumu. Muuza mkaa akaniuliza, 'Bibi, sumu ya joka la vichwa vingapi?' Wakacheka hadi wakashika mbavu. Akajaza ndoo mbili, moja akanipa mimi zawadi."

Ndoo hiyo ilikuwa bado pale pembeni, na maji yake meupe ungeapa ni safi. Manukato aliitazama muda mrefu. Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima, magoti kifuani.

"Hukunitaja mimi?"

"Wewe ni mwanangu. Nilibeba nusu ya ukweli, na nusu haiaminiki. Miaka yote nimewalisha uongo, wakashiba. Wewe, ukiacha mafuriko yako ya juzi, hujawahi kuwadanganya. Wewe watakusikia."

"Dada atanitazama vipi, mama? Mtoto yule nilimfundisha kutembea mimi, kwa mikono hii." Akaigeuza viganja juu. Ilikuwa imechubuliwa na saruji.

"Atakutazama atakavyokutazama. Lakini usisubiri aambiwe na jirani."

Nje tulisikia kamba ya kisima ikilia kwenye gurudumu, mtu mwingine anateka. Manukato akajifuta uso kwa bega.

"Haya," akasema. "Namwambia dada kwanza. Namwambia hivi: dada, juzi mvua iliponyesha, mimi ndiye…"

Pazia likasukumwa. Akaingia dada yake, nguo zile zile za jana, na nyuma yake bwana afya, buti zake za mpira zimejaa tope, karatasi mkononi.

"Shikamoo mama. Bwana afya, ndiye huyu kaka yangu niliyekuambia. Hakuna mtaro asioujua mji huu." Akamgeukia Manukato, akamshika mkono. "Kaka, mtoto hata sauti haimtoki tena. Inuka, mfuate huyu bwana. Mtafuteni aliyefungulia."

Mdomo wa Manukato ulikuwa bado wazi.