Zeh, Zot, na Baba Aliyetoka Columbus
Juzi hapa North Buffalo, jirani yangu, mama mzee aliyekulia Israeli, alikuwa kizingitini akimwonyesha mjukuu wake viatu. "Eleh," akasema. Yaani, viatu hivi. Miaka mingi nilikuwa sijalisikia neno hilo la Kiebrania, na nikashangaa kwamba nimelielewa.

Nilijifunza neno hilo Louisville, mtaa wa Iroquois, nikiwa na miaka kumi. Sisi Warundi tuliotoka kambini Tanzania tulikuwa wanne nyumbani: bibi, mama, mdogo wangu na mimi. Baba alikuwa Columbus, akifanya kazi ghalani na kupanga chumba mtaa wa Linden. Karibu mwaka mzima hatukumwona.

Jumamosi bibi alitukalisha mezani kuchambua maharage. Dada mmoja Mkenya aliyekuja kusomea uchungaji alikuwa akiingia na daftari lake la Kiebrania. Tulimwita mwalimu. "Nina exam Monday, mnisaidie," alituambia. Zeh, yaani huyu, kwa mwanamume, zot kwa mwanamke, eleh, hawa au hivi, kwa wengi. Bibi akacheka: "Kwetu huyu ni huyu, awe mama awe baba." Lakini alifurahi kusikia kwamba Waebrania, kama sisi kwa Kiswahili, husema mtu kwanza: ha-ish ha-zeh, mtu huyu. Zeh ikitangulia, ni sentensi kamili: huyu ni fulani.

Jumamosi moja, nyumba ikinuka dagaa, baba akaingia bila taarifa. Mdogo wangu, mwenye miaka mitatu, akajificha nyuma ya bibi na kuuliza kwa Kiingereza, huyo mtu ni nani? Mama akatazama sakafu. Baba akasimama palepale na koti lake. Nikanyoosha kidole kama tulivyofundishwa.

"Zeh aba."

Kiebrania baba hakukijua, ila neno aba, baba, alilijua kutoka kanisani. Alivuta kiti, akaanza kuchambua maharage, kichwa kimeinama. Baada ya kitambo mdogo wangu akamsogelea, akamgusa goti. "Zeh aba," akasema.

Jumatatu baba alirudi Columbus, lakini tangu hapo alikuja kila mwezi.

Mwalimu alimaliza masomo, akarudi Kenya. Bibi tulimzika Louisville. Maharage sasa tunafungua ya kopo. Juzi nilimpigia mdogo wangu, ambaye naye ni mama, nikamkumbusha.

"Mimi nimwogope baba? Haiwezekani!"

Nikampigia baba. Akaniuliza kwanza mdogo wangu amesemaje, kisha akasema hata yeye hakumbuki. Sikubishana naye.