Nilivyomvujishia Bibi Mtihani

Ugomvi niliuanzisha mimi. Baba mdogo alikuja na maneno yake mawili matatu, mimi nikayageuza vita.

Tulikuwa kwa bibi yangu, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Ukishuka kwenye kivuko unatembea nusu saa kama una haraka, na mimi siku zote nina haraka. Bibi ndiye aliyenilea. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akaolewa kwingine, nikakulia jikoni kwa bibi. Baba mdogo ndiye mtoto wake pekee aliyebaki, anaishi Mwanza mjini, na siku hiyo alikuwa amevuka ziwa kwa jambo moja tu: kumchukua mama yake akakae kwake.

Kwake ni juu kule kwenye miamba. Unapanda ngazi za mawe mpaka unaona nyota mchana. Mimi kijana nafika nahema kama mbwa. Bibi na yale magoti yake, akipandishwa kule hashuki tena. Atabaki kuliangalia ziwa kutoka juu kama mfungwa.

"Mama anasahau," baba mdogo akasema. "Juzi kaacha chungu motoni, kaenda kwa jirani. Nusura jiko liungue."

"Nani hajawahi kuunguza chakula?"

"Nimeongea na wewe?"

"Unamsema bibi yangu."

"Kabla hajawa bibi yako alikuwa mama yangu, we mtoto. Kaa kimya."

Ukitaka nisikae kimya, niambie nikae kimya. Nikasimama. Wiki hiyo nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku tatu mjini. Kuna utafiti wa maisha ya wazee ulikuwa unaanza, wakatafuta wadadisi, watu wa kuhoji wazee, wanaojua Kisukuma. Mimi shule niliishia kidato cha pili, mengine nimejisomea mwenyewe kwenye vitabu vya mitumba na magazeti ya kufungia maandazi, lakini kwenye usaili niliongea mpaka wakanichukua. Siku tatu zile ziliniingia kichwani kama pombe. Nikafundishwa kwamba kukaa peke yako na kuwa mpweke ni vitu viwili tofauti. Nikafundishwa kwamba watu wana tabia ya kumjibia mzee hata akiwa amekaa pale pale. Na kwamba kuna kusahau kwa kawaida, na kuna kusahau kwingine.

"Basi subiri apimwe!" nikamwambia baba mdogo. "Wiki ijayo tunapita kijiji hiki, tunapima wazee kumbukumbu. Akifaulu, umwache nyumbani kwake."

"Na akifeli?"

"Akifeli mchukue!"

Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua dagaa. "Mnaninadi?" akauliza. "Basi semeni na bei, niwasaidie kupandisha."

Baba mdogo akanipa mkono. Tukakubaliana.

Kwenye kivuko wakati wa kurudi sikuweza kukaa. Nilizunguka katikati ya magari na matenga ya kuku mpaka baharia mmoja akanifokea. Kwa sababu kuna kitu nilikuwa sijamwambia baba mdogo. Mwezi mmoja nyuma nilimkuta bibi amesimama njiani, kibuyu mkononi, karibu kabisa na nyumba yake, ananiuliza kwake ni wapi. Nikacheka, nikamwambia bibi acha utani. Na yeye akacheka. Lakini ule utani ulikuwa umechelewa kidogo kuja usoni kwake, nami niliona.

Siku mbili kabla ya kazi kuanza nikavuka tena. Nilifanya kile ambacho walimu wanafungiwa kwa kukifanya. Nilimvujishia.

"Bibi, sikiliza. Mtu wa utafiti akija atakuuliza leo ni siku gani, tarehe, mwezi, mwaka. Halafu atakupa maneno matatu uyashike. Jembe, samaki, kanisa. Atakuuliza mengine mengine, halafu mwishoni atakwambia uyataje."

"Jembe, samaki, kanisa. Kwa nini hayo?"

"Ndiyo waliyochagua."

"Hawali hao? Mbona hakuna ugali?"

"Bibi!"

"Haya, mume wangu, usinigombeze. Jembe, samaki, kanisa."

Tulirudia asubuhi nzima. Akichambua dagaa, jembe. Akienda kuchota maji, samaki. Mchana anayataja kabla sijamwuliza. Nikaondoka nimejaa kiburi, najiona mtu mwenye akili kuliko wote ng'ambo hii na ile.

Siku ilipofika, si mimi niliyemhoji. Kanuni ni kwamba humhoji ndugu yako. Alimhoji mwenzangu, dada mmoja wa Bukoba, ana digrii, mpole, anaandika polepole mpaka unataka kumnyang'anya kishikwambi. Mimi nilikaa nje chini ya ukingo wa bati, nasikia kila kitu. Baba mdogo naye alikuwa amefika, kakaa kwenye kigoda upande wa pili wa mlango. Dada wa watu aliomba wabaki yeye na bibi peke yao, tukatoka hatua tatu, tukajiona tumetii.

Ya tarehe, bibi alipata yote. Nikamtazama baba mdogo kwa jicho la shari.

"Bibi, sasa nitakutajia maneno matatu, uyashike vizuri. Mlango, ndizi, mvua."

Kumbe kile kishikwambi kina orodha mbili, kinachagua chenyewe. Kwenye mafunzo tulifanyia mazoezi ile ya kwanza tu.

Maswali mengine yakaendelea. Unalala vizuri? Unaye mtu wa kumweleza shida zako? Huwa unajisikia mpweke?

"Nikiwa peke yangu hapana," bibi akasema. "Wakija wakaanza kunisema mbele yangu, ndiyo."

Baba mdogo akaangalia chini. Na mimi pia.

"Sawa, Bibi. Sasa nikumbushe yale maneno matatu."

"Jembe!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyejua jibu. "Samaki. Kanisa."

Yule dada alijua orodha zote mbili. Mimi pale nje nilikuwa nimeshasogea mlangoni.

"Bibi yangu, maneno hayo alikwambia nani?"

Bibi akageuza shingo, akaniona mlangoni. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa mdogo, majirani wakija kudai nimempiga mtoto wao. Sura ile ile ya mtu anayepanga uongo wa kuniokoa. Halafu akamgeukia yule dada.

"Sijui, mjukuu wangu. Yamekuja tu kichwani. Mimi mzee, nasahau."

"Mmesikia," baba mdogo akasema. "Mwenyewe kasema."

Nikikaa kimya, kazi ninayo na bibi anakwenda mwambani. Bibi alikuwa ameshanichagulia kazi, na uongo ule ulikuwa zawadi yake. Nilikataa kuipokea.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Mimi ndiye niliyemfundisha! Hajasahau chochote, amekumbuka nilichomwambia juzi, neno kwa neno!"

Yule dada akafunga kishikwambi. "Kaka, njoo huku nje."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa na majibu tayari, ya usomi wake, ya maringo yao watu wa Bukoba, yote. Hakutukana.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimemtetea bibi yangu."

"Kwa nani? Kile kipimo hakimwambii mtu akalale wapi. Kinauliza wazee wa huku wanaishije, basi. Ungeniuliza ningekwambia." Akasogea karibu. "Halafu kama kweli ameanza kusahau vibaya, leo tungeona, tungekwambia umpeleke hospitali. Sasa sijui. Na wewe hujui. Umejifunika macho mwenyewe."

Yale majibu niliyoyaandaa yakanikaa mdomoni, yakanuka.

Dodoso la bibi lilifutwa siku ile ile. Yule dada alisema hana namna, lazima aripoti, na jioni mratibu akanipigia simu kwa sauti ya upole kabisa akaniambia nirudishe kishikwambi na kitambulisho. Nilikubali hata kabla hajamaliza sentensi.

Lakini kabla ya simu, nilirudi ndani. Nilidhani nitamkuta baba mdogo anashangilia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono kichwani.

"Unafikiri napenda?" akaniambia. "Jiko likiwaka moto, mimi ndiye nitakayepigiwa simu. Nitakuwa ng'ambo na kivuko cha mwisho kimeondoka. Nitafanya nini? Niogelee?"

Nilikuwa sijawahi kumfikiria hivyo. Miaka yote nilimwona mtu wa kutunyang'anya.

"Mmemaliza?" bibi akauliza.

Tukamwangalia.

"Sihami. Sitaki mawe yenu. Lakini mwanangu hasemi uongo, siku nyingine nasimama mbele ya moto nasahau nimekuja kufanya nini. Naogopa. Sijawaambia kwa sababu mkisikia mtaanza kupiga kelele, kama hivi." Akanielekezea kidole. "Huyu ahamie hapa."

Baba mdogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu? Mama, huyu hawezi kukaa mahali pamoja mpaka ugali uive!"

"Ataweza."

"Akiondoka siku moja tu, nakuja kukuchukua."

"Njoo," bibi akasema. "Utanikuta naye."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilifungua mdomo nilalamike, nikaona wote wawili wananitazama, nikaufunga.

Sasa naishi ng'ambo. Hospitali tulimpeleka, mimi na baba mdogo, mmoja huku mmoja kule, na tarehe ya kurudi tumepewa. Daktari aliongea na yeye kwanza, sisi akatuacha kwenye benchi, tukakaa tunagombana nani kamshinda mwenzake kwa ukaidi.

Nyumbani tumepatana hivi: anapika yeye. Sufuria ni yake, chumvi ni yake, moto ni wake. Mimi nakaa mlangoni, siruhusiwi kugusa wala kushauri. Kivuko kikipiga honi, miguu yangu inasimama yenyewe, kama ya askari. Bibi anasema nimechimba shimo pale ninapokanyagakanyaga. Leo kaweka maharage tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa sijui kama maharage yanachukua muda mrefu namna hii.