Harusi Isiyo na Moshi

Hamud alikaa kwenye kiti cha ukumbi mmoja wa harusi, Upanga, mpaka msimamizi akadhani amesinzia. Hakusinzia. Alikuwa anausikiliza mgongo wake. Aliniambia mwenyewe baadaye, bila haya, kwamba alitaka kujua mtu mzima angekaa kwenye kiti kile muda gani kabla hakijaanza kumuumiza, na kilipoanza kumuumiza yeye aliinuka, akashukuru, akaondoka. Ukumbi ulikuwa mzuri, una marumaru na taa za kuning'inia, lakini kwake ulikuwa umeshafutwa kwenye orodha.

Mimi naitwa Kajal. Nauza vitambaa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na Hamud anauza masufuria mlango wa pili kutoka kwangu. Baba zetu walikuwa majirani kwenye maduka hayohayo, kwa hiyo nikimwita kichwa kigumu nina haki. Ni mtu mwembamba, mpole, wa kofia safi kila siku, anayeongea na wateja kama vile wote ni shangazi zake. Babu yake alitoka Hadhramaut, yeye mwenyewe hajawahi kusafiri kupita Tanga. Mtoto wake ni mmoja tu, Nour, na huyo ndiye aliyekuwa anaolewa.

Kwa watu wake, mwanaume hapangi tafrija ya harusi. Baba huenda msikitini kuozesha, hupokea salamu, basi. Tafrija ni ya wanawake, hupangwa na wanawake, na wanaume hawatii hata pua. Lakini mama yake Nour, Zeina, alishafariki, na jinsi alivyofariki ndiyo sababu Hamud alishika kila kitu mwenyewe.

Zeina alikuwa na pumu. Dada yake mkubwa, Rahaf, alikuwa anamwoza mwanawe, na kama kawaida yao wanawake wa ukoo walijaa uani kwake tangu siku ya kabla, wanachambua mchele, wanamenya vitunguu saumu, wanapika pilau kwa kuni. Zeina hakutumwa na mtu. Alikwenda kwa sababu ni dada, akakaa karibu na moto kwa sababu ndiye aliyejua kukadiria viungo. Moshi ukamkaba kifua na hakupona. Msibani Hamud alimgeukia Rahaf mbele ya watu akamwambia, "Mmemuua kwa moshi wenu." Nilikuwepo. Rahaf alijifunika uso kwa mtandio wake, akalia. Tangu hapo wakawa watu wa kusalimiana Idi kwa Idi, na salamu yenyewe ya kuitikia kwa kichwa.

Nour alilelewa na baba yake na, kusema kweli, na mtaa mzima. Nimemsuka nywele humu dukani kwangu. Alipoposwa na Muaz, kijana wa Tanga anayefanya kazi Maskati, kila mtu alijua kwamba harusi ikiisha anaondoka. Baba yake akamuuliza anataka nini. Wasichana wa siku hizi ukiwauliza swali hilo jitayarishe, lakini Nour alitaka jambo moja tu. Alitaka mama mkubwa Rahaf ndiye amshike mkono na kumwingiza ukumbini, mahali pa mama yake.

"Kama yeye haji, baba, mimi nitaingia na nani?" alimwambia.

Hamud aliichukua kauli ile kama mtu aliyepewa dawa ya mgonjwa wake. Aliamua kwamba Rahaf atakuja, na akija hataumia mahali popote, wala yeye wala mwanamke mwingine yeyote. Ndipo akaanza kuzunguka kwenye kumbi na kukaa kwenye viti. Ule wa Upanga viti vyake vilimuumiza mgongo. Mwingine, karibu na Magogoni, ulikuwa na upepo mzuri wa bahari, lakini Jumamosi foleni ya kivuko inaziba njia, na upepo ukigeuka unakuletea harufu ya samaki wa soko la Feri hadi mezani. Wa Kariakoo ulikuwa juu ya stoo, makuli wanashusha maboksi chini siku nzima na ngazi ni za kumvunja mtu shingo. Mwishowe alipata ukumbi Mchafukoge, wa chini kabisa, hauna ngazi hata moja, mtaa wa pili kutoka kwenye jengo anakoishi Rahaf. Magoti ya Rahaf yalikuwa yamechoka, na Hamud alilijua hilo ingawa hawakuwa wanazungumza.

Baada ya hapo hakukamatika. Alitafuta jenereta, ili umeme ukikatika iwake yenyewe. Alitaka vyoo vya kukaa kwa ajili ya wazee, na bomba la udhu linalotoa maji kwelikweli. Alitafuta wahudumu wanawake peke yao, mpiga picha mwanamke, mpiga muziki mwanamke, na pazia zito mlangoni, ili wageni wavue mabaibui yao wakae kwa raha. Mimi nisiyekula nyama alinipangia meza yangu na mpishi wangu. Mapambo alimpa Angelina, dada mmoja hodari wa Ilala, Mkristo, ambaye amepamba harusi nyingi za Waislamu kuliko walizofungisha mashehe. Angelina aliniambia hajawahi kumwona mteja anayegusa kila kitambaa cha kiti kuangalia kama kinakwaruza.

Na kwa chakula akakodi kampuni. Wao na masufuria yao, na gesi yao, na wapishi wao wenye kofia nyeupe. Mtu ambaye nusu ya pilau za harusi za mji huu zimepikwa kwenye masufuria aliyouza yeye, hakutoa hata mfuniko.

Kila kitu kilipokaa sawa, alivaa kanzu akaenda kwa Rahaf na kadi mkononi. Alirudi amechangamka, akaja moja kwa moja dukani kwangu.

"Kanipokea vizuri, Kajal. Kanipa kahawa, kanipa na halua. Akalia kidogo aliposikia maneno ya Nour. Kasema itakuwa heshima yake."

"Halafu?"

"Halafu akaniuliza mchele unachambuliwa lini na wapi, aje na wakwe zake."

Nikaacha kukata kitambaa. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hakuna mchele, shemeji. Hakuna kitunguu, hakuna kuni. Harusi hii haina moshi. Wewe uje ukae tu, ustarehe."

Aliyasema maneno hayo huku anatabasamu. Nikataka kujua Rahaf alijibu nini. Akaniambia Rahaf alisema sawa, akaondoa vikombe.

"Hamud," nikamwambia, "rudi kwake sasa hivi."

"Nikafanye nini?"

"Umemrudishia neno lako la msibani."

Alinitazama kama nimemtukana. Akasema yeye anaionea huruma migongo ya wanawake, anavionea huruma vifua vyao, kuna kosa gani hapo? Nikamwambia mwanamke wa ukoo hakai harusini kama mgeni. Anajua yeye ni wa ndani kwa sababu ameitwa kumenya vitunguu saumu hadi kucha zinanuka, amelala kwenye mkeka, amegombana na mtu kuhusu chumvi. Hata kwetu Wahindi ni hivyohivyo, mashangazi usipowapa kazi wananuna mwaka mzima. Mwambie aje apike hata sufuria moja, nikasema, hata ya chai.

"Zeina alikufa kwa sababu ya sufuria moja," akasema.

Nilikasirika, na nilikuwa na huruma, vyote pamoja, na hali hiyo mimi huwa inanifanya nipige watu kelele, kwa hiyo nikamwambia ananizibia mwanga, atoke mlangoni. Akatoka. Hakurudi kwa Rahaf.

Ndoa ilifungwa Ijumaa msikitini, salama. Siku hiyo hakuna mwanamke wa upande wa Zeina aliyekanyaga nyumbani kwa Hamud, na kwa nini angekanyaga, wakati hakukuwa na kitu cha kufanya pale? Nyumba ilikuwa kimya, imefagiliwa. Nour alikaa na hina mikononi anasikiliza mlango. Nilikwenda kumtazama, akaniuliza kama nadhani mama mkubwa ni mzima. Nikasema ni mzima, ataonana naye ukumbini. Nilitaka iwe kweli.

Jumamosi alasiri wageni wakaja. Walikuja majirani, wateja, wake za wenye maduka, ndugu wa Muaz kutoka Tanga waliochoka na safari. Walivua mabaibui, wakakaa, wakapepewa na viyoyozi, wakaletewa juisi na wasichana waliofundishwa kutabasamu. Sijawahi kukaa kwenye kiti kizuri kama kile. Kila mtu alikaa kimya kwa adabu kama yuko benki. Hakuna aliyekuwa anaingia na kutoka amebeba sinia, hakuna wa kufokea watoto, hakuna shangazi wa kumwambia mwenzake kwamba nyama haijaiva. Meza tatu za mbele, za ukoo wa Zeina, zilikuwa tupu, maua yamesimama katikati yake.

Nour alikuwa tayari kwenye chumba cha bibi harusi, amependeza mpaka inauma. Hakuwa analia. Aliangalia mlango tu. Nilipotoka nje ya pazia kumtafuta baba yake, nilimkuta amesimama kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, simu sikioni. Ilikuwa inaita bila kupokelewa. Nikamwambia mtoto anasubiri. Akaiweka simu mfukoni, akatoka mbio na kanzu yake, kuelekea kwa Rahaf.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Alipanda ngazi zote bila kupumzika. Rahaf alifungua mlango amevaa dera la nyumbani. Nyuma yake, sebuleni, wakwe zake na wanawake wengine wa ukoo walikuwa wamekaa, na juu ya meza kulikuwa na gauni limepigwa pasi, limekunjwa.

"Shemeji, Nour anakusubiri," Hamud akasema.

"Tulisubiri na sisi," Rahaf akasema. "Nilikaa na hawa hapa tangu juzi, nasema Hamud atatuma mtu, hata mtu wa kusema njooni mkate matunda."

"Nilitaka ustarehe."

"Najua ulichotaka kuniambia. Ulishaniambia msibani." Sauti yake haikupanda. "Siwezi kuingia kwenye harusi ya mtoto wa Zeina kama mgeni, Hamud. Siwezi. Nikikaa pale nimekunja mikono, kila mtu atajua unaogopa kuniachia moto."

Hapo ndipo mtu mwingine angeanguka miguuni pake. Angesema nilikosea siku ile, dada yako alijiendea mwenyewe kwa mapenzi yake, nisamehe. Hamud aliniambia kwamba maneno hayo yote yalimjia, yalifika kooni. Lakini miezi yote ile alikuwa ameishi na viti na mapazia, na kilichotoka mdomoni kilikuwa hiki: "Nimekuwekea meza ya mbele kabisa. Kiti chako kina mto."

Rahaf aliushika mlango. Akasema, "Una watu wa kukodi. Wamwingize hao." Akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Aliporudi, jasho limemlowesha mgongo, Angelina alikuwa amesimama karibu na pazia na pini zake kifuani. Wageni walishaanza kuangalia saa. Angelina hakujua habari za msiba wala moshi. Alijua tu kwamba bibi harusi hana wa kumwingiza, na jambo hilo alishaliona kwingine.

"Mzee, usijali," akamwambia kwa upole. "Mimi nitamshika mkono. Huwa tunafanya, ni sehemu ya huduma yetu."

Hamud alijifuta jasho. Kisha akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaingia ndani kumwambia Nour. Sikujua nimwambie vipi, nikamwambia tu kwamba dada Angelina ataingia naye. Nour akasema, "Sawa, auntie." Akauliza kama mama mkubwa anaumwa. Nikasema hapana. Hakuuliza tena.

Wakaingia. Angelina alitembea vizuri, kwa hatua ndogo, akirekebisha mkia wa gauni kila baada ya muda, maana mkono wake mwingine haukuweza kusahau kazi yake. Sisi tulisimama na kupiga makofi. Makofi ya watu wasiojuana yanajulikana. Kwa watu wa Hamud, bibi harusi akiingia husindikizwa na vigelegele, na vigelegele ni kazi ya mama zake wakubwa, mama zake wadogo, shangazi. Nilijaribu mimi, sauti ikakatika katikati. Wale wa Tanga walikuwa wanamwangalia Angelina, wanajiuliza huyu ni nani wake. Msichana wa muziki akaona ukimya unazidi, akabonyeza kitu, na ukumbi mzima ukajaa vigelegele vya kurekodiwa, vya nguvu, vya wanawake wengi, vinaisha na kuanza upya palepale vilipoanzia. Nour alifika jukwaani, akakaa, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa.

Nilitoka nje kwa sababu sikutaka anione uso. Hamud alikuwa upande wa pili wa pazia, karibu kabisa, kama mtoto anayesikiliza wakubwa. Mikono yake ilikuwa imeshika kitambaa. Aliponiona uso wake ulifunguka, sijamwona hivyo tangu Zeina alipokuwa hai.

"Wamekuja?" akaniuliza. "Hao si ndio wao? Wamekuja wote?"

Niliangalia pembeni. Nilitamani kumdanganya, na nilijua pazia lile mtu yeyote angeweza kulifungua.

"Ni spika, Hamud," nikamwambia.

Vikaendelea kwa muda, vikaisha, vikaanza upya. Aliachia pazia, akalinyoosha pale mikono yake ilipolikunja. Akaniuliza kama wageni wote wamepata maji ya baridi. Nikamwambia wamepata.