Chui Kati ya Ng'ombe na Sungura

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya nikahi yangu, mwanangu, na si kwa uzuri wake. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Bur Dubai, maduka bado yamefungwa, katika miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, wewe hujazaliwa. Baba yako Twaha amekaa kwenye kigoda kati ya majora ya vitambaa vya mapazia, Madam Lin yuko mbele yake na karatasi, na mimi niko katikati yao, nayageuza maneno ya Kichina kuwa Kiswahili. Hebu kaa vizuri. Kesho unapanda ndege kwenda huko huko, na baba yako keshakupa jina la mtu wa kumtafuta ukifika. Nimemsikia akikwambia. Sasa nisikilize na mimi shangazi yako, maana nimenyamaza vya kutosha.

Madam Lin alikuwa tajiri wangu. Mwanamke wa Kichina aliyekwisha kupita sitini, mfupi, mkali wa macho, akiuza mapazia kwa jumla. Mimi Kichina nilikipata kwao China, Guangzhou, nilikokaa na marehemu mume wangu tukifunga mizigo ya wafanyabiashara wa Mombasa. Mume alipokufa nilibaki na lugha, nayo ndiyo iliyonipeleka Dubai ikanilisha. Huyu mama alikuwa na ujuzi mwingine wa kwao, wa kusoma maisha ya mtu kwa wakati aliozaliwa, na Wachina wenzake walikuwa wakimjia toka Deira, ng'ambo ya pili, wamevuka kwa mashua za abra, wakubwa kwa wadogo. Usione ajabu, kwetu nako wapo watu wa falaki. Mimi kusadiki sikusadiki, ya ghaibu anayajua Mungu peke yake. Lakini baba yako alikuwa na pupa ya kuijua kesho yake, akanisumbua mpaka nikamwombea asomewe.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, ndipo utaelewa. Madam Lin alipofungua duka la pili kule Al Ras, alitaka nilisimamie mimi. Mshahara wa juu, chumba changu peke yangu, na mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na wanawake wa kila kabila. Baba yako wakati huo yuko Mombasa, anashinda barazani, mama yetu anamlia kila nikipiga simu: "Zuhura, mshike mkono ndugu yako." Basi nikamwambia Madam Lin, duka hilo mpe ndugu yangu. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia ninazo, tena nina sharti: asijue. Mwanamume akijua amebebwa na dada yake, atatembea ameinama. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Akaletewa viza, akapewa funguo, akaambiwa tu kwamba kampuni imemchagua.

Sasa jengo la Al Ras lilikuwa la bwana mmoja wa huko, mtu mkubwa, kila mtu akimwita arbab, yaani bwana mkubwa. Siku moja moja hupita dukani, akanywa kahawa, akampiga baba yako begani, akaenda zake. Baba yako akajumlisha mwenyewe: huyu ndiye aliyeniombea kazi. Hakuna aliyemwambia. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini yeye kila chombo akikiona majini alidhani kimeundwa na mwenye kilemba kikubwa.

Haya, turudi Ijumaa ile. Wachina huandika kuzaliwa kwa mtu kwa nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa, na kila nguzo ina mnyama wake. Madam Lin akauliza saa. Baba yako akanitazama. Hakuijua! Mwaka na tarehe vimo kwenye pasipoti, saa haimo. Nikaisema mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kumwita mkunga usiku ule, miguu mitupu, na baba yako alipolia mara ya kwanza adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha na jua halijachomoza. Madam Lin akaandika, akachora chati yake.

Kisha akasema: "Siku yake ni ng'ombe. Saa yake ni sungura. Katika safu ya wanyama, baina ya ng'ombe na sungura anakaa chui. Chui hayumo mahali popote kwenye chati hii. Lakini hawa wawili wamemshika huku na huku, kwa hiyo yupo. Na kwa aliyezaliwa siku kama hii, chui ndiye msaidizi mkubwa."

Nikamfasiria baba yako. Nikampa na mfano, nikamwambia ni kama ukiingia kwenye karamu ukakuta viti vitatu, viwili vina watu na cha kati kimewekewa leso. Hujamwona mwenyewe, lakini wajua ana mtu wake.

Baba yako akaruka. "Nani? Muulize ni nani!"

Madam Lin hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, mwanangu, kwa macho yale yake makali. Akasema, "Mwaka na mwezi ni barazani. Siku na saa ni chumbani. Msaada huu hautoki nje, ni wa nyumbani kwake. Na mwambie jambo moja: chui huyu mahali pake pasijazwe. Akiitwa akajitokeza wazi, uzuri wa chati hii umevunjika."

Nikayafasiri yote, neno kwa neno, sikupunguza wala sikuongeza. Unajua nilijisikiaje? Nilikuwa najisema mwenyewe kwa kinywa changu na aliyekuwa akisikiliza hajui. Nikangoja. Nikasema moyoni, sasa atageuza uso aniangalie. Baba yako akapiga paja. "Nyumbani! Si duka liko ndani ya nyumba yake? Wallahi ni arbab!"

Madam Lin akaniuliza kasemaje. Nikamwambia amefurahi.

Basi tangu siku hiyo baba yako akawa mtu mwingine. Uturi, kanzu mpya, salamu za Kiarabu za kujifunza. Arbab akipita yeye yuko mlangoni, arbab akikohoa yeye analeta maji. Kwangu Bur Dubai akija ni kwa sababu ya biriani tu. Mimi namfulia kanzu anazokwenda nazo kwa arbab, na naona ni sawa, kwa sababu nina neno la Madam Lin kichwani: asiitwe. Nilijifanya mimi ndiye chui asiyepaswa kutajwa. Nikaona hata utamu wake, nikuambie kweli. Kujitoa kwa siri kuna kiburi chake.

Mwaka ule, ulipokaribia Mwaka Mpya wa Kichina, ikaja simu toka Mombasa. Jirani yetu Bi Mwanasha: "Zuhura, mamako miguu imevimba, hali chakula, na jina analotaja ni lako. Njoo." Nikaenda kwa Madam Lin. Yeye mwenyewe alikuwa anasafiri kwenda kwao kwa sikukuu. Akaniambia, "Ruhusa ninakupa hata leo. Lakini funguo za Bur Dubai simwachii mgeni. Mwite ndugu yako akae hapa mpaka urudi. Al Ras kuna msaidizi, patakwenda."

Nikavuka kwa baba yako mchana ule ule. Nikamkuta anapiga kanzu pasi. Mtoto wa kiume wa arbab anaoa wiki ile, na msimamizi wa arbab amewataka vijana wa maduka wakasaidie mapokezi, wiki nzima.

"Mama yu mgonjwa," nikamwambia. "Anataka kuniona. Kaa dukani, mimi niende."

"Dada, wiki hii haiwezekani."

"Twaha, mama."

"Mama kila mwaka huugua na kila mwaka hupona. Arbab nafasi ya kuniona ni hii moja tu. Hiki ndicho kile kiti, dada! Chui anajitokeza." Kisha akanihurumia, ndiyo, akanitazama kwa huruma. "Wewe huwezi kunielewa. Wewe uko peke yako huku, hujui mtu kushikwa mkono ni nini."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilisimama pale, na neno likafika hapa kooni. Ningesema, "Aliyekushika mkono ni huyu unayemnyima siku chache." Sentensi moja tu. Nikalimeza. Nikageuka nikarudi Bur Dubai, na Madam Lin akasafiri, na funguo zikabaki kiunoni kwangu.

Mama alikufa Alhamisi, mwanangu. Simu iliingia nikiwa nampimia mteja wa Rashidiya pazia la sebule, rangi ya maziwa. Nikasikiliza, nikasema inna lillahi, nikamkatia kitambaa chake, nikamkunjia, nikampa. Alipotoka nikafunga mlango nikakaa sakafuni. Bi Mwanasha aliniambia jambo ambalo laiti asingeniambia. Kila gari likisimama nje mama alikuwa akiuliza, "Zuhura keshashuka uwanjani?" Nao wanamwambia yuko njiani, bibi, yuko njiani. Akazikwa alasiri ile ile, kwetu maiti haingoji mtu.

Baba yako nilimpigia, simu haikupokewa. Usiku ule ulikuwa wa harusi. Alikuja asubuhi akiwa bado na furaha usoni, hajaangalia simu. Kabla sijafungua mdomo akaanza: "Dada, nilisimama lango kuu! Nimepanga magari ya wakubwa watupu. Na arbab aliniita sadiq, mbele za watu!" Sadiq ni rafiki, mwanangu. Na Dubai kila asiyejulikana jina lake huitwa sadiq: mwosha magari, mpagazi wa Al Ras, muuza chai. Arbab alikuwa hajui jina lake. Nikamwambia mama amekufa. Akalia, sikatai, akalia sana. Lakini hata katika kilio chake alisema, "Laiti ningemwambia arbab, angetukatia tiketi." Lo! Nikajua huyu hatoona mpaka kufa.

Madam Lin aliporudi na kukuta sijaenda, akanikalisha kwenye kigoda kile kile. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, na mwisho nikamwambia, "Wewe mwenyewe ulisema mahali pale pasijazwe. Asiitwe. Ndiyo nikanyamaza."

Sijawahi kumwona mtu amekasirika vile. Aliweka kikombe chini kwa nguvu chai ikamwagika.

"Ile ni kanuni ya chati," akasema. "Chui wa kwenye chati hana mama. Wewe ulikuwa naye! Nilikutazama siku ile ili useme. Nilidhani una ulimi. Kujificha kwako kumemfaa nani? Yeye hakujua amshukuru nani, amemshukuru mpita njia. Wewe hukushukuriwa. Na mama amekufa akitazama mlango."

Nikachukua kitambaa nikaifuta ile chai.

Ulipozaliwa wewe, sote tumekwisha kurudi Mombasa, baba yako alikupa jina la arbab. Saif. Kila nikikuita nalitamka jina la mtu yule, na nakupenda hivyo hivyo, wewe huna kosa. Na jana barazani nimemsikia akikwambia, "Ukifika, katafute watu wa arbab, wao ndio walioninyanyua mimi." Nikasema khalas, imetosha.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Huko utakuta watu wenye majengo na magari, watakupiga begani, na wewe utadhani mkono ule ndio uliokubeba. Usikimbilie kujaza kiti cha watu kwa mtu unayemtamani. Angalia kwanza nani amekaa karibu yako, nani anakufulia kanzu, nani alitoa chumba chake. Huyo akikujia na shida, weka pasi chini uende. Na kama wewe ndiye uliyemshika mtu, mshike, lakini siku utakapomhitaji fungua kinywa. Watu husema tenda wema uende zako. Sawa, nenda zako, ila usinyamaze mpaka mama yako akafa. Mimi nilidhani ukimya wangu ni heshima, kumbe ulinilia kile kimoja nilichokitaka, kumfumba mama macho yake kwa mkono wangu.

Leo ndiyo mara ya kwanza nayasema haya kwa mtu wa nyumbani. Kiti nimekijaza mwenyewe, na kivunjike kitakachovunjika. Ukitaka kumwambia baba yako mwambie, usipotaka acha. Nimezeeka, simwogopi tena.

Na siku ukitaka kujua nani anakushika, usiende kwa msoma nyota yeyote. Uliza tu nani anaijua saa uliyozaliwa. Baba yako ya kwake hakuijua, na ya kwako pia haijui, nimeshamuuliza. Wewe ulizaliwa mchana, adhuhuri imekwisha kuadhiniwa, mvua inanyesha, na mimi ndiye niliyekupokea toka mikononi mwa mkunga.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akufikishe salama, akupe riziki isiyokupofusha macho, akukutanishe na watu wema na akupe akili ya kuwatambua wangali hai. Na nikikuita, mwanangu, uje.