Mtoto Niliyemwona Jikoni Gwarama

Kuna siku moja, mwanangu Devota, ambayo naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sina mke, sina hata ndevu za maana, na babu yako akanituma Gwarama kupeleleza ukoo.

Ninyi wa siku hizi mnapelelezana kwenye simu, tena mnajiona wajanja. Wakati ule kaka akipenda msichana wa mbali, mdogo wake alitangulizwa kimya kimya, akaketi na majirani, akanywa pombe ya ndizi, akauliza na kurudi na majibu. Kaka yangu Zabroni, baba yako, alikuwa amemwona Velediana, mama yako, mnadani Kibondo, na tangu hapo akawa halali vizuri. Babu yako alinipa swali moja tu. "Ukaulize ni wa ukoo gani. Kama ni damu yetu, tunaacha. Kama siyo, tunapeleka barua."

Nilipanda lori la maharage kutoka Rungwe Mpya hadi Kibondo, nikamalizia safari kwa baiskeli ya kuazima. Majirani wa Gwarama hawakunisumbua: ukoo ulikuwa mwingine kabisa, hatukuwa na undugu nao hata wa mbali. Ningerudi palepale. Lakini nilikuwa na njaa na utundu, nikajifanya mpita njia, nikabisha hodi kwa wenyewe. Wakanikaribisha vizuri mno, wakasonga ugali wa muhogo.

Nilipotoka nyuma kunawa mikono nikapita mlango wa jikoni. Ndani, juu ya mkeka, alilala mtoto wa kiume wa miaka kama sita. Macho yake yalikuwa ya njano na tumbo limevimba. Alikuwa amekumbatia goti lake kwa mikono miwili, analia pasipo sauti, kama mtu aliyezoea kulia akachoka. Bibi mmoja akaja mbio akauvuta mlango.

"Malaria tu," akasema.

Nami sikuwa nimeuliza kitu. Nilikula ule ugali bila kuuonja.

Njia nzima ya kurudi nilijiambia nitasema. Kisha nikamkuta Zabroni amenisubiri barabarani tangu asubuhi, na alivyonitazama, mwanangu, nikaogopa. Niliogopa kuwa mtu aliyevunja ndoa ya kaka yake kwa sababu ya mtoto mgonjwa jikoni. Kwani nilitumwa kuuliza magonjwa? Nilisimama mbele ya babu yako nikajibu nilichoulizwa. "Ukoo ni mwingine." Wazee wakafurahi, barua ikaenda, harusi ikafungwa.

Kaka yako wa kwanza, Yusto, hukumkuta. Alipofikisha miezi minane hivi, vidole vya mikono na miguu vikavimba, akawa halali, hanyonyi. Nilipoviona vile vidole, yule mtoto wa jikoni alinirudia mzima mzima. Na bado nikanyamaza! Shangazi yako akasema kuna jirani mwenye kijicho, wakampeleka kwa mganga. Mtoto akachanjwa chale kwa wembe, akapakwa dawa nyeusi. Wakarudi naye mara ya pili na ya tatu. Tulipomfikisha hospitali Kasulu alikuwa ameishiwa damu, midomo imekuwa myeupe. Daktari aliwauliza wazazi kama kuna mtu kwenye familia zao amewahi kuugua hivi. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Mama yako aliinamisha kichwa, mimi nikatazama dirisha.

Yusto hakufika asubuhi ya pili.

Tulipomaliza matanga nilimfuata mama yako nyuma ya nyumba, anaosha vyombo vya watu, nikamwambia nilichokiona Gwarama. Aliacha sufuria majini.

"Shemeji, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Yule ni mdogo wangu. Alikufa nikiwa na mimba ya Yusto. Mimi nilikatazwa nyumbani kusema, niliambiwa nikisema sitaolewa." Akanitazama usoni. "Wewe nani alikukataza?"

Niliitoa ile sufuria majini nikaanza kuisugua mimi.

Baba yako alipoambiwa, nilitegemea anipige. Alikaa kwenye kigogo, akasema, "Ningemwoa tu. Mwanamke nampenda. Ila mwanangu nisingempeleka kwenye wembe." Akaingia ndani.

Ndipo wakapimwa, wakaambiwa wote wawili wamebeba selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, bila wao kuumwa. Wakakaa wakazungumza wao wawili, mlango umefungwa, wakakubaliana kujaribu tena wakijua. Ukazaliwa wewe, mzima, umebeba kama wao. Mama yako alikuwa akikukagua vidole kila unapoamka.

Sasa nawe unaleta karatasi ya vipimo, yako na ya Fadhili wako, mwalimu mwenzako aliyeletwa na serikali kutoka kwao Same. Ukoo mwingine, kabila lingine, na bado mmebeba kitu kilekile. Jumapili wazee wanakaa. Shangazi yako anataka mchumba afukuzwe. Baba zako wadogo wengine wananiambia pembeni tuichome hiyo karatasi, barua ya posa ipokelewe, Mungu atajua. Mwanangu, nawaogopa wote, maana wa kwanza anataka kuwachagulia maisha na hawa wengine wanataka kufanya nilichofanya mimi.

Nami pia naogopa, sikufichi. Naogopa usiku na mchana. Nikisikia mtoto wa jirani analia najikuta nimesimama.

Basi nisikilize. Ninyi ni watu wazima, mmependana bila kulazimishwa, na hakuna mzee mwenye haki ya kuwatenganisha kwa sababu ya damu mliyozaliwa nayo. Kazi yetu sisi ni kusema tunachokijua, chote, mapema, hata kama kinatuaibisha. Kazi yenu ni kukaa wawili na kuulizana maswali magumu kabla ya harusi: mtazaa au mtalea wa wengine, na mkizaa mmoja akaugua mtafanyaje, kwa maana kila mimba inakuja na hatari ileile upya. Mkioana, mtoto apimwe mapema, na homa ya kwanza iwe ya hospitali, asiguswe na wembe wa mtu. Mkiamua kuachana, muachane kwa heshima, na atakayewaita wenye damu mbaya aje kwangu kwanza.

Jumapili nitakuja. Kabla shangazi yako hajafungua kinywa nitasimama niwaeleze wote habari za yule mtoto wa jikoni. Baadhi yao watanitazama vibaya, na wana sababu.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, akupe nyumba isiyo na mlango wa kuvutwa haraka mgeni akipita. Na siku mtoto wako akilia, awepo karibu mtu anayejua analilia nini, na asiogope kusema.