Tisa kwa Macho, Nane kwa Mkono

Kazini walimwita Bi Hesabu, na jina lilimkaa mpaka mama yake mzazi akalizoea. Si kwamba alikuwa bingwa wa hesabu shuleni. Huko alikuwa bingwa wa kutoroka. Jina lilitokana na kazi yake ya kuongoza wageni kwa kayaki kwenye pwani ya mawe meusi, ambako volkano iliyokwisha kufa zamani ilimwaga lava mpaka baharini, ikagandia humo humo, na miaka mingi baadaye serikali ikaitia pwani nzima ndani ya hifadhi. Kila walipofika mahali, Bi Hesabu alinyoosha kiganja juu ya maji, na kila mgeni alitakiwa akipige na kutaja namba yake kwa sauti. Wageni walicheka. Wengine, hasa wanaume wenye vyeo makwao, walinung'unika kwamba wanahesabiwa kama kuku. Aliwajibu kwamba kuku huhesabiwa jioni tu, wao atawahesabu mara sita kabla ya chakula cha mchana, na wakitaka mara saba hana neno.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, kikinuka mpira na chumvi, mapezi ya kuogelea yakining'inia jozi kwa jozi kama viatu vya familia kubwa. Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari kumi. Minane ilikuwa ya vibao vya wageni, vilivyokatwa kutoka kwenye dumu la maji na kuchomwa namba kwa msumari wa moto. Wa tisa ulikuwa wa kibao cha mwongozaji, ambacho hakikuwa na namba, mstari mmoja tu. Anayeingia majini huchukua kibao chake akakifunga mkononi, akirudi hukitundika. Na sheria ya ofisi ilikuwa moja: mlango haufungwi kwa kufuli mpaka kila kibao kiwe kwenye msumari wake.

Msumari wa kumi ulikuwa mtupu. Ulikuwa wa kaka yake.

Kaka ndiye aliyeanzisha kazi hiyo, akavikata vibao kwa mkono wake, akamfundisha mdogo wake kushika kafi, kusoma mawimbi na kuitana chini ya maji kwa kugonga jiwe kwa jiwe. Yeye alihesabu wageni kwa macho. Alikuwa na macho makali, akijisifu nayo, na kwa miaka kumi na moja hayakumwangusha. Miaka mitatu iliyopita, mbele ya pango wanaloliita Koromeo, alimkosa mgeni mmoja. Akaingia pangoni kumtafuta. Mgeni alikuwa amezunguka upande wa pili wa mwamba kupiga picha samaki, akarudi mwenyewe baada ya robo saa akiwa mzima na mwenye njaa. Kaka hakurudi. Wazamiaji walimtafuta siku tisa, hawakupata hata pezi.

Mke wa kaka ndiye aliyekaa ofisini, akipokea simu, akiosha miwani ya kuzamia, akiandika majina ya wageni kwenye daftari. Tangu siku ile hakuwahi kuifunga ofisi kwa kufuli. Jioni aliurudisha mlango, akaweka jiwe chini usipigwe na upepo, akaenda kwake. Watu walimwambia ataibiwa. Aliwaambia safari haijafungwa, na kwa namna alivyolisema hakuna aliyerudia kumshauri. Siku Bi Hesabu alipochukua kazi ya kaka yake, wifi yake alimshika mkono pale pale mbele ya ubao.

"Niapie kwamba Koromeo hutaingia," alisema. "Mlango huu nimeuacha wazi kwa mtu mmoja. Kwa wawili sitaweza, wifi yangu."

Bi Hesabu akaapa.

Sasa, Koromeo lenyewe. Ni shimo lililoachwa na lava ilipokuwa ikitiririka, refu na la mviringo, na mdomo wake uko sawa na uso wa bahari. Wimbi likija pango linavuta maji, likipita linayatoa, na sauti yake ni ya mtu mzima aliyelala usingizi mzito. Wageni huogelea mpaka mdomoni, wanatazama matumbawe na samaki wanaong'aa kwenye kivuli, wanarudi. Ndani zaidi dari linashuka mpaka linagusa maji, na nyuma ya hapo kuna chumba chenye hewa ambacho maji yakijaa hujaa nacho. Askari wa hifadhi wamepiga marufuku mtu kupita mdomo, kama walivyopiga marufuku kuchukua hata kokoto. Wana desturi ya kuwapekua watu mifuko wakitua ufukweni, na wamewahi kumrudisha mama mmoja na ndoo yake kumwaga mchanga.

Hapo Koromeo ndipo hesabu ilipokataa. Safari ya kwanza kabisa, Bi Hesabu alitupa jicho juu ya maji akaona mirija tisa ya kupumulia, na wageni walikuwa wanane. Akanyoosha kiganja: kikapigwa mara nane. Akatazama tena: tisa. Mrija wa tisa ulikuwa mweusi, wa mtindo wa zamani, kando kidogo ya wenzake, umetulia kama mwenye mrija ule anatazama chini kitu kimoja. Nywele zilimsimama chini ya kofia yake ya mpira. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Kila kituo kingine macho na mkono vilikubaliana. Koromeo havikukubaliana hata siku moja. Alikuja kumweleza wifi yake peke yake, akitarajia kuambiwa akapime macho.

Wifi aliuliza tu, "Mrija mweusi?" Akaendelea kusuuza miwani.

Mtu huzoea kila kitu. Baada ya miaka mitatu alilichukulia jambo lile kama mwenye saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika tano: huitengenezi, unatoa tu. Kwa macho tisa, kwa mkono nane, twendeni. Siku nyingine alimsalimia kimoyomoyo. Hakuogopa tena, au alijiambia hivyo.

Asubuhi ninayoisimulia, wageni wanane walikuwa watu wa shughuli. Bibi harusi na bwana harusi walikuwa wamenuniana tangu kwenye kayaki kwa sababu kila mmoja alipiga kafi upande wake. Mwanamama mmoja alishikwa na kichefuchefu. Namba nane alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, aliyekuja peke yake na kuuliza maswali mazuri kuhusu mawe. Walifunga kayaki kwenye boya, wakaogelea mpaka mdomoni, na hapo bahari ikaanza kuinuka kabla ya saa yake. Bi Hesabu akaamua waondoke haraka. Mwanamama alikuwa anatapika kwenye mrija, bwana harusi analalamika, na yeye, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, hakunyoosha mkono. Alihesabu kwa macho. Nane. Nane kamili, safi, kama walivyoondoka. Akawaelekeza kwenye boya, akaogelea nyuma yao akiwa amefarijika.

Walikuwa katikati ya njia alipojiuliza amefarijika kwa nini.

Kwa macho, Koromeo halijawahi kumpa nane. Pale siku zote ni tisa. Kama macho yameona nane, basi wageni ni saba. Aliwasimamisha wote pale pale kwenye mawimbi, akanyoosha kiganja, na sauti yake ilikuwa kali kiasi kwamba hakuna aliyecheka. Moja, mbili, tatu. Saba akapiga. Nane hakuwapo.

Aliwapandisha wale saba kwenye kayaki, akaziunga kwa kamba moja, akamkabidhi bwana harusi kafi na amri ya kutosogea. Aliwaita askari wa hifadhi kwa redio. Walisema wanakuja, dakika arobaini, na wakamkumbusha asiingie. Alitazama mstari wa maji kwenye mwamba. Dakika arobaini chumba kile kingekuwa kimejaa. Akilini alimwona wifi yake akiweka jiwe mlangoni, akamwona vizuri, mgongo wake na kanga yake, na alijua kiapo ni kiapo. Kisha akamfikiria mwalimu gizani akisubiri mtu amkumbuke. Akajikaza, akawasha tochi, akazama.

Pango lilimvuta lenyewe. Hakuhitaji hata kupiga mapezi. Pumzi ile ilimchukua ikampitisha chini ya dari, mgongo ukikwaruzwa na lava kali kama vigae vilivyovunjika. Tochi ilionyesha maji ya kijani, halafu meusi, halafu haikuonyesha kitu. Njia iligawanyika. Hili hakulijua, na halikuwa kwenye mchoro wowote wa hifadhi. Pumzi ilikuwa inamwishia na ilibidi achague.

Ndipo akasikia jiwe likigongwa kwenye jiwe. Taratibu, kwa nafasi sawasawa. Alihesabu bila kutaka: nane. Kimya. Halafu nane tena, upande wa kushoto. Hakuna aliyegonga hivyo chini ya maji isipokuwa mtu mmoja, na ndiye aliyemfundisha.

Akaenda kushoto. Kichwa chake kikaibuka kwenye hewa.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mwamba, maji yamemfika kifuani, anatetemeka lakini ametulia. Mwalimu alipofumba macho kwa mwanga wa tochi, Bi Hesabu aliona mikono yake miwili imekumbatia magoti. Hakuwa na jiwe. Alimwuliza kama ni yeye aliyekuwa akigonga.

"Si mimi," alisema mwalimu. "Wimbi lilinivuta nikapotea kabisa. Yule mwenzako ndiye aliyenikalisha hapa. Akasema nisiondoke, dada yake anakuja kunihesabu."

Bi Hesabu hakuelekeza tochi pembeni. Alitaka, shingo ilimvuta, na pia alijua kwamba akitazama hatatoka. Chini ya kizingiti, gizani, maji yalipumua. Alimnyooshea mwalimu kiganja.

"Nane," alisema mwalimu, akakipiga.

Namna walivyotoka, mwenyewe hawezi kuieleza vizuri. Alisubiri pango litoe pumzi, akamshika mwalimu mkanda, wakaenda nayo. Anachokumbuka ni kwamba mahali njia inapogawanyika kitu kilimsukuma kisigino, si kwa nguvu, kama unavyomsukuma mtoto anayesitasita mlangoni. Nje, jua lilimpiga usoni na bibi harusi alikuwa analia begani kwa mumewe, nuno limekwisha.

Ufukweni askari wa zamu alikuwa mzee aliyemjua kaka yake tangu ujana. Alimgombeza Bi Hesabu kama inavyostahili, akamwambia ripoti itaandikwa, kisha kwa mazoea akawapekua watu mifuko kutafuta mawe. Mwalimu akafungua ngumi ambayo, sasa ndipo kila mtu alipoiona, hakuwa ameifungua tangu majini. Kiganjani palikuwa na kibao cha plastiki, kimeota magamba ya chaza pande zote. Katikati, mahali vidole vingekuwa vimekishika, kilikuwa safi. Hakikuwa na namba. Mstari mmoja tu.

"Alisema nimrudishie ofisini," mwalimu alieleza. "Alisema nimwombee radhi, amechelewa."

Mzee yule alikitambua. Sheria yake inasema hakuna kinachotoka hifadhini. Akamkunja mwalimu vidole, akampungia mkono apite.

Ofisini wifi alivipokea vibao kimoja kimoja na kuvitundika. Simu ya askari ilikuwa imekwisha kumfikia, na hakumtazama Bi Hesabu usoni. Moja mpaka saba. Kisha nane, kisha cha mwongozaji. Bi Hesabu alianza kusema kwamba amevunja kiapo, kwamba hana la kujitetea, na mwalimu akaweka kile cha mwisho juu ya meza. Wifi alikichukua. Alikipangusa kwa upindo wa kanga yake, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Akakitundika kwenye msumari wa kumi. Halafu ndipo alipoketi chini, Bi Hesabu akaketi naye, na wote wawili wakalia sakafuni kati ya mapezi, kilio ambacho siku zile za msiba hawakukilia kwa sababu hawakuwa na cha kulilia.

Jioni wifi alitafuta kufuli. Lilikuwa chini kabisa ya droo, limeshika kutu. Ilibidi walitie mafuta ya cherehani, na ufunguo ulizunguka mara ya tatu. Alilivuta mara mbili kuhakikisha. Lile jiwe la mlangoni alilirudisha pembeni ya njia.

Bi Hesabu alipewa adhabu ya wiki mbili bila kuingia majini. Siku aliyorudi, wageni walikuwa wanane. Walipofika Koromeo, kabla ya kunyoosha mkono, alitupa jicho juu ya maji akahesabu mirija. Nane. Akanyoosha kiganja, akapigwa mara nane. Kila kitu kilikuwa sawa, na wageni walikuwa wanamsubiri awaambie waende. Akahesabu tena kwa macho, taratibu, kuanzia kulia, akiutafuta ule mrija mweusi. Kisha akarudia mara ya tatu, akiomba awe amekosea.